Kabla ya Ukuta: Ugogo, Kibakwe na Elimu ya Usanifu

Wapenzi wa ushairi wanaijua UKUTA. Ni kifupisho cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha washairi ambacho marehemu Mathias Mnyampala alikuwa nguzo yake, na ambacho jina lake lilibandikwa kwenye kitabu chake, Ngonjera za UKUTA, kilichotoka baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Wengi huufurahia mchezo wa jina lenyewe, kwamba washairi waliojiita ukuta walikusudia kuikinga lugha. Wachache hulisimamia neno la kwanza, usanifu, na kuliuliza limetoka wapi na limekwenda wapi.

Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kupanga vitu kwa aina zake, kisha kutunga kitabu. Tasnifu, ile kazi ndefu anayoiandika mwanachuo wa shahada za juu, ni ndugu yake wa tumbo moja. Washairi walilitumia neno kwa utungaji wenye kufuata kanuni. Wakoloni, walipounda Kamati ya Lugha mwaka 1930 na kuichagua lahaja ya Kiunguja, walituachia Kiswahili sanifu, yaani lugha iliyonyooshwa ikawa moja. Baadaye wachoraji wa majumba wakawa wasanifu majengo. Na watu wa pwani wana maana nyingine tena wanayoijua wao: kumsanifu mtu ni kumsifu kwa dhihaka, kumpa sifa asizokuwa nazo. Neno moja, basi, limebeba kupanga, kutunga, kunyoosha na kukejeli. Atakaye kuielewa historia ya elimu ya usanifu katika Afrika ya Mashariki afadhali azichukue maana hizo zote pamoja, asiache hata moja.

Ipo leo, katika vyuo vikuu vya Ulaya na kwingineko, elimu ya shahada ya uzamili inayoweza kuitwa usanifu wa kihakiki. Jina lake la Kiingereza lilienea baada ya kitabu cha Anthony Dunne kilichotoka mwaka 1999, wakati yeye na mwenzake Fiona Raby walipokuwa katika Royal College of Art ya London. Chuo cha Goldsmiths, katika mji huo huo, nacho kikaja kutoa shahada yenye jina la namna hiyo. Mwanachuo wa elimu hii hafundishwi kwanza jinsi ya kutengeneza kiti kitakachouzika. Hufundishwa kukiuliza kiti: nani amekiagiza, nani atakikalia, na nani atabaki amesimama. Lililo muhimu si uzuri wa kitu peke yake, bali amri iliyojificha ndani ya umbo lake. Uhakiki, wajuavyo wasomaji wa mashairi, umetokana na haki.

Mwaka 2014 walitokea wanafunzi wawili wa uzamivu, Luiza Prado na Pedro Oliveira, Wabrazili waliokuwa wakisoma Berlin, wakaihakiki elimu hiyo yenyewe. Walilalamika kwamba wasanifu wa Ulaya hubuni majinamizi ya wakati ujao, kama ukame, njaa, watu kuhamishwa na serikali kuingia hadi chumbani, na kuyaonesha kama mambo ya kufikirika, hali watu wa sehemu nyingine za dunia wamekwisha kuyapitia. Hoja yao ni nzito. Anayetaka ushahidi wake hana haja ya kwenda Brazili. Aende katikati ya Tanzania, Ugogo, hadi Kibakwe.

Kibakwe ni tarafa ya wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Iko kusini ya mji wa Mpwapwa, mahali ambapo nyanda kavu za Ugogo zinakaribiana na milima ya Rubeho, na Wagogo wanapakana na Wasagara na Wahehe. Kwa watu wa pwani jina la Mpwapwa si geni. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapo, ikajaza maji, kisha ikaikabili nyika ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo penyewe na kulipa hongo kwa watemi. Wapagazi waliorudi pwani walisimulia habari za jua, za upepo, na za nyumba fupi zilizofanana na ardhi yenyewe.

Nyumba hiyo ni tembe. Ni nyumba ya pembe nne, ya miti na udongo, kimo chake kifupi, na paa lake ni bapa: magogo, juu yake fito, juu yake udongo ulioshindiliwa. Mara nyingi mabawa yake huzunguka ua, na mifugo hulala humo ndani ya ulinzi wa wenye nyumba. Wageni wengi waliitazama wakaona ufukara. Lakini nyumba njema si mlango. Mkoa wa Dodoma hupata kiasi cha milimita 570 za mvua kwa mwaka, nazo hunyesha kwa miezi michache, kisha hufuata kiangazi kirefu chenye upepo mkali. Paa la udongo ni zito, upepo hauling'oi. Mchana huzuia joto, usiku hulirudisha taratibu. Halihitaji nyasi ndefu, ambazo katika nchi ya ng'ombe na ukame ni adimu, wala halishiki moto kwa urahisi. Kasoro yake ni kuvuja mvua inapozidi, na giza ndani. Kila kipengele cha tembe ni jibu la swali lililoulizwa na nchi yenyewe, na aliyejibu ndiye aliyelala ndani.

Namna ya kukaa nayo ilikuwa usanifu. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1969, alieleza jinsi kaya za Wagogo zilivyokaa mbalimbali na jinsi zilivyohama mara kwa mara kufuata malisho, udongo na ujamaa wa ndoa na ng'ombe. Kutawanyika huko hakukuwa fujo. Kulikuwa bima. Mvua ikikosa hapa, hunyesha kule. Mwenye ng'ombe waliowekwa kwa ndugu na marafiki sehemu mbalimbali hapotezi wote kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo bima hiyo ilikuwa na mpaka wake. Njaa kubwa ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ilikuja baada ya majeshi kuwachukua wanaume kuwa wapagazi na kuchukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua nazo zikakosekana. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, katika miaka hiyo hiyo.

Baada ya Vita vya Pili alifika msanifu wa kwanza mkubwa kutoka nje. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, yenye upungufu wa mafuta ya kula, ililipokea wazo la kulima karanga katika Tanganyika. Ujumbe ulitumwa, ukazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka katika ndege, na ukapendekeza kufyekwa zaidi ya ekari milioni tatu. Kituo cha kwanza kilikuwa Kongwa, ambayo zama hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mpwapwa. Mwaka 1947 yakaja matingatinga, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu iliyashinda matingatinga. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi, ulipolowa ulilegea na ulipokauka ukawa kama saruji, karanga zikabaki chini zisichimbike. Mvua haikuja kwa hesabu iliyoandikwa London. Mwezi wa Januari mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara iliyotajwa ilikuwa karibu pauni milioni 36. Mgogo yeyote aliyekuwa na jembe angaliweza kueleza habari za udongo ule, lakini katika mpango mzima halikuwako sanduku la kuwekea jibu lake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kongwa mgeni alikuja, na mwenyeji akabaki na mashimo ya mibuyu iliyong'olewa.

Ni rahisi kuwacheka wakoloni. Vigumu zaidi ni kuyatazama yaliyofuata, kwa sababu yalifanywa na wenyewe kwa nia njema. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, siasa ya vijiji vya ujamaa ilitaka watu wakae pamoja ili wapate maji, shule na zahanati. Mkoa wa Dodoma, uliokuwa umetoka katika ukame na njaa, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kufanyiwa operesheni. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1970 na kuendelea mwaka uliofuata, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Hapana shaka juu ya moyo wake. Kisha mwezi wa Novemba mwaka 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa kila mtu, na muda wa mwisho ni mwaka 1976.

Kijiji kipya kilikuwa na umbo lake. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, kila kaya na kipande chake. Tembe halikupewa nafasi katika mstari huo. Lilitajwa kuwa alama ya unyonge, na nyumba bora ikafafanuliwa kuwa ya matofali, yenye madirisha, na mwenye uwezo aweke bati. Ziko sehemu ambako matembe yalibomolewa au kutiwa moto ili wenyewe wasirudi. Ng'ombe waliokuwa wametawanyika sasa walikanyaga mahali pamoja, na mashamba yakawa mbali na milango. Shule zilipatikana, na watoto wengi walijifunza kusoma, hilo lisifichwe. Lakini ile bima ya kutawanyika, iliyochukua vizazi kutungwa, ilifutwa kwa rula.

Mpenda mashairi ataliona jambo hapa. Wakati ule ule ngonjera za Mnyampala zilikuwa zikighaniwa na wanafunzi katika mashule ya nchi nzima. Ngonjera ni mashairi ya majibizano: mmoja hajui au anapinga, mwingine anajua na anaeleza. Ni sanaa ya maswali, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini katika ngonjera za siasa mwisho ulikuwa umekwisha kuamuliwa. Anayepinga hushindwa, huomba radhi, na wote hutoka wakiimba pamoja. Vijiji navyo vilipangwa hivyo hivyo. Mikutano iliitishwa, wananchi wakapewa nafasi ya kusema, na ramani ilikuwa imekwisha kuchorwa. Mwanachuoni wa Marekani James Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu mipango ya serikali iliyoshindwa, ameiweka operesheni ya vijiji vya Tanzania kama mfano mkubwa wa dola inayotaka watu wasomeke kama mistari ya daftari. Mshairi angelisema kwa maneno mengine: vina vilitoshelezwa, mizani ikatimia, na shairi likakosa maana kwa aliyeimbishwa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa kifupi CDA, ikaundwa. Mpango mkuu wa mji ulikamilishwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Ulikuwa mpango wa ajabu kwa wakati wake. Haukutaka maghorofa marefu wala barabara za fahari za gwaride. Ulitaka mji uliotandazwa kufuata vilima, watu waende kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mabasi, na mji mkuu uwe kama kijiji kikubwa mbele ya vijiji vingine. Kwa mtazamo wa usanifu wa kihakiki, hapa palikuwa na swali jema: mji mkuu wa nchi ya wakulima ufananeje? Mwanachuoni Lawrence Vale aliujadili Dodoma katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya majengo ya utawala na utaifa.

Ila swali jema liliulizwa Toronto na Dar es Salaam. Wenyeji wa Dodoma waliipata CDA kama mwenye ardhi yote, na wao wakawa wapangaji wenye hati za miaka 33. Malalamiko ya viwanja na bomoabomoa yalidumu hadi tarehe 15 Mei 2017, Rais Magufuli alipoivunja mamlaka hiyo; hati zikafanywa za miaka 99. Tangu hapo wizara zimehamia, Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, na mwaka 2023 Ikulu mpya ikazinduliwa Chamwino, pale pale palipofyatuliwa matofali ya mwaka 1971. Mji uliopangwa uwe kijiji umekuwa jiji tangu mwaka 2018.

Na vyuo vyetu vilikuwa wapi muda wote huo? Havikulala. Makerere ilikuwa na mafunzo ya sanaa ya Margaret Trowell tangu mwaka 1937. Nairobi, katikati ya miaka ya 1960, alifundisha Selby Mvusi, msanii mzaliwa wa Afrika ya Kusini, aliyekataa Mwafrika afungwe baina ya mambo mawili: ama ufundi wa asili wa kuuzia watalii, ama kiwanda cha kuletewa. Kwake usanifu ulikuwa njia ya watu kujitambua ndani ya wakati wao. Ajali ya gari ilimwua mwaka 1967, kabla mawazo yake hayajazaa shule kamili. Maandishi yake yalibaki yametawanyika kwa miongo kadhaa. Dar es Salaam, kituo cha mafunzo ya upimaji kilichoanzishwa mwaka 1956 kilikua kikawa Chuo cha Ardhi, kisha mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 Chuo Kikuu Ardhi. Dodoma penyewe pana Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na Chuo Kikuu cha Dodoma cha mwaka 2007. Leo mtoto wa Kibakwe anaweza kusomea shahada ya uzamili ya mipango katika mkoa wake mwenyewe. Baba yake hakuwa na njia hiyo.

Visiwani nako hadithi inafanana. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walichora mpango mpya wa mji wa Zanzibar, na majumba marefu ya Michenzani yakaikata Ng'ambo kwa mistari miwili. Mwaka 1993 Garth Myers alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, juu ya Ng'ambo na wapangaji wake wa mji, na mwaka 2003 akatoa kitabu kilichopanua hoja hiyo hadi miji mingine ya Afrika. Yapo mengi ya kujadili katika kazi yake, lakini moja linastahili heshima ya wapenda lugha. Alipotaka kueleza jinsi watu wa Ng'ambo wanavyojenga mitaa yao, hakutosheka na istilahi alizotoka nazo kwao. Alitumia maneno ya wenyeji: uwezo, imani, desturi. Kwa maneno hayo matatu mtu anaweza kuipima Michenzani, na kadhalika Kongwa, na Dodoma.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo. Elimu ya kuhakiki usanifu inapofika uzamili na uzamivu, aghalabu huandikwa kwa lugha ambayo aliyehamishwa hawezi kuisoma. Lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya Tanzania, ukiacha idara za Kiswahili, imebaki Kiingereza. Rigby, Scott na Vale wameandika kwa Kiingereza. Gregory Maddox, Mmarekani aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1988 kuhusu njaa za Ugogo, naye kadhalika. Na si lawama. Kila mtu huandika kwa lugha ya waliomtuma. Lakini usanifu uliotokea bila kumwuliza mwenye nyumba unapohakikiwa bila kumsomea mwenye nyumba, kosa limefanywa mara mbili, na mara ya pili limevaa joho la mahafali.

Mnyampala alikwenda njia nyingine. Mwaka 1954, kabla hajawa mtu wa ngonjera, alitoa kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Hakuwa na shahada. Aliuliza wazee, akapanga aliyoyapata kwa aina zake, akatunga: usanifu kwa maana yake ya mwanzo kabisa. Kitabu hicho Maddox alikishughulikia kitafsiriwe kwa Kiingereza, kikatoka Marekani mwaka 1995. Kwa hiyo msomi wa shahada za juu alilazimika kupitia Kiswahili cha mshairi ili aifahamu Ugogo. Tafsiri ilikwenda upande mmoja. Safari ya kurudi bado: zile tasnifu zilizoandikwa juu ya vijiji, juu ya CDA na juu ya njaa hazijaletwa kwa lugha ambayo mkulima wa Kibakwe anaweza kuishika mkononi, akasema hapa umepatia na hapa umenisanifu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii haimzuii mgeni kusoma wala msomi kuandika. Inamwambia tu amwulize aliyelala. Ngonjera inafaa kazi hiyo kuliko umbo lolote jingine tulilo nalo, kwa sharti moja, kwamba mwisho wake usiandikwe kabla ya majibizano. Msanifu aseme beti zake na mwenye tembe aseme zake, na ikitokea mwenye tembe akashinda, ramani ifutwe. Ukuta ungojee hapo.